NANI ALIFUTA SAUTI YA SLAVKA?

"Larysa! Umemfuta mama yako!"

Ndiyo, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Mimi, mzee wa miaka sabini na tisa, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mbele ya watu arobaini na zaidi walioshika vijiko vya ngano ya kuchemsha na asali, chakula chetu cha kumkumbuka marehemu.

Hakuna aliyetafuna tena.

Ilikuwa arobaini ya mke wangu, Slavka. Padri alikuwa amemaliza sala. Mimi nimesimama mbele na suti ile ile niliyomzikia, rimoti mkononi. Nyuma yangu ukuta mzima unaonyesha kilichomo kwenye kompyuta yangu. Folda moja, yenye jina SLAVKA.

Nikabonyeza.

Ikafunguka.

Tupu!

Jamani... asubuhi thelathini na saba mke wangu alikaa peke yake akizungumza na ile kompyuta, ili siku hiyo tuisikie sauti yake. Na ndani hakuna faili hata moja!

"Baba," Larysa akasema taratibu, "kaa chini kwanza."

"Sikai! Nani alishinda na hii kompyuta kutwa nzima, siku mbili baada ya mazishi? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Na leo asubuhi nani aliniomba nisiiwashe? 'Baba, leo tusali tu, kompyuta iache nyumbani.' Nani alisema hivyo?"

"Ni mimi, Baba."

"Uliogopa atasema nini juu yako! Ukamfuta!"

Binti yangu ana miaka hamsini na moja. Nikangoja akane. Nikangoja alie. Hakufanya hata kimoja. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani kando ya sinia la pirohi, vile viandazi vyetu vya kuchemsha, akapanda ngazi na kutoka.

Dada yangu Dozia akaweka kijiko chake chini.

"Orest, mwanao tangu alfajiri yuko jikoni anawapikia watu. Hajaonja hata kijiko."

"Asionje!"

"Haya, mtu wa vyeti. Umeshinda."

Subirini niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Orest Baraniuk. Nimezaliwa Winnipeg, upande wa kaskazini wa reli, na reli hiyo hiyo ndiyo iliyonilisha. Miaka arobaini na moja nilikuwa fundi wa mabehewa. Shule ya mchana niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne. Ya usiku niliisoma miaka tisa, natoka zamu naingia darasani na grisi kwenye kucha. Hesabu, Kiingereza sanifu, umeme, elektroniki. Vyeti vinne, vyote viko ukutani, kwenye fremu nilizochonga mwenyewe.

Pale yadi tulikuwa na sheria moja isiyochezewa. Kabla hujaingia chini ya behewa, unasimika bendera ya buluu relini. Treni hairuhusiwi kuipita, na hakuna mtu wa kuiondoa ila yule aliyeiweka. Kikosi kingine kikija kufanya kazi kwenye behewa hilo hilo, nacho kinasimika bendera yake. Huwezi kusema "ya wenzangu inatosha." Sheria hiyo ndiyo iliyoniacha nikastaafu na miguu yangu miwili.

Sasa, Larysa aliponiletea kompyuta mpya, aliniambia hivi:

"Baba, hii ina mlinzi wake humu ndani tayari. Usimwongezee mwingine."

"Mlinzi mmoja?"

"Anatosha."

"Kawekwa na nani?"

"Na waliotengeneza kompyuta."

"Basi hiyo ni bendera yao. Yangu iko wapi?"

Akacheka. "Baba, hii si treni!"

Wiki iliyofuata nikaenda dukani, nikanunua programu ya kuzuia virusi kwenye boksi la kijani. Nikaisimika mwenyewe, miwani puani, bila kumuuliza mtu. Kila iliponiuliza kama niwashe hiki au kile, niliwasha. Ulinzi wa barua, washa! Ulinzi wa mtandao, washa! Ulinzi wa mafolda, washa! Nikaamini sasa nina walinzi wawili bega kwa bega.

Kumbe yule wa kwanza alipomwona mgeni anaingia, alikaa pembeni na kumwachia lindo lote. Hilo nililijua nimeshachelewa.

Kompyuta ikawa nzito kama behewa la makaa. Vidirisha vinaruka kila mara, na kengele juu yake. Ting! Tumezuia hiki. Ting! Tumezuia kile. Mimi nafurahi, naona vijana wako kazini.

Larysa akapiga simu.

"Baba, mbona umesema kompyuta inakwenda polepole? Umeweka kitu?"

"Sijaweka kitu."

Nilidanganya. Na mvi zangu zote.

Mwezi wa kumi na moja, daktari akatuketisha mimi na Slavka. Saratani ya kongosho. Akasema tusipange mambo ya kiangazi.

Slavka hakulia. Alifunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu kabisa, akaniambia, "Twende nyumbani, Orest, nimeacha unga umeumuka."

Alikuwa mwongoza nyimbo wa kanisa letu miaka thelathini. Akianza wimbo, hata waliokuja kwa kulazimishwa walifungua midomo. Lakini kuandika! Hata kadi ya Pasaka alinisukumia mimi. Kwa hiyo aliposema anataka kuacha maneno, alimaanisha maneno ya sauti. Mwalimu wa kwaya akampa programu ya kurekodi, kitu cha zamani sana walichokuwa wakirekodia mazoezi. Nikamfundisha: hapa unaanza, hapa unasimamisha, hapa unaandika jina, hapa unahifadhi.

Na kulikuwa na ufa nyumbani mwetu, sitawaficha. Larysa alipomwacha mumewe, Taras, mtoto wa marafiki zetu wakubwa, Slavka alimnunia miaka mitatu. Simu ikilia, ananipa mimi. "Mwanao huyo." Ugonjwa ulipoingia, Larysa akaanza kuja. Wakaongea habari za dawa, za supu, za mito ya kitanda. Lile jambo lenyewe hawakuligusa.

Kila siku saa nne asubuhi, Slavka alinifukuza.

"Orest, toka."

"Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, mwanamke!"

"Vaa kofia. Kazoe theluji. Haya si ya masikio yako."

"Ni ya nani?"

"Mtafungua siku ya arobaini. Na hiyo ting-ting yako iondoe, inaniingilia kwenye sauti."

Nikamweka mlinzi wangu kwenye hali ya kimya. Aendelee kuzuia, ila asiseme.

Mara moja nilimwomba anionjeshe kidogo alichorekodi. Akakataa. "Hata mimi sisikilizi. Sauti yangu imekuwa ya kuku. Nikijisikia, nitaacha."

Alikufa mwishoni mwa Machi. Wiki mbili za mwisho Larysa alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda chake hospitalini, mchana kutwa.

Baada ya mazishi kilichonitoa kitandani kilikuwa kimoja tu: siku ya arobaini nitamsikia. Slavka hakusema tufungulie wapi, wala mbele ya nani. Ukumbi, ukuta, rimoti, wageni... hayo yote niliyapanga mimi. Nilitaka watu waone nilivyomtunzia.

Mnajua yaliyotokea.

Jumatatu yake nikaibeba kompyuta kwapani mpaka kwa Efren, Mfilipino mwenye kiduka cha kutengeneza kompyuta mtaa wa Selkirk.

"Nataka jina," nikamwambia.

"Jina la nani, mzee?"

"La aliyefuta sauti ya mke wangu. Jina, siku na saa. Nataka nimpelekee kwa maandishi."

Alinipa kiti. Sikukaa. Akafungua, akapekua, akajikuna shingo.

"Mzee, humu umeweka walinzi wangapi?"

"Wawili," nikasema, kifua mbele.

"Nani alikushauri?"

"Najishauri mwenyewe. Nina cheti cha elektroniki."

"Cha mwaka gani?"

"Sabini na nne."

Hakucheka. Heri angecheka.

"Huyu wa pili umempa kazi ya kulinda mafolda," akasema. "Programu yoyote asiyoitambua, hairuhusu iandike humo. Na hii ya kurekodi ni ya kizamani, hawezi kuitambua. Mama akizungumza, programu inamsikia vizuri tu. Akitaka kuhifadhi, mlinzi anaziba mlango."

"Sawa. Na aliyefuta ni nani?"

"Mzee, hakuna aliyefuta. Hakukuwa na cha kufuta. Hazikuwahi kuandikwa."

"Haiwezekani! Si angeambiwa?"

"Aliambiwa. Tazama."

Akaisogelea kompyuta, akasema, "Moja, mbili, tatu," akabonyeza kuhifadhi. Kikatokea kidirisha kidogo cha kijivu, cha ile programu ya kurekodi yenyewe.

*Faili halikuhifadhiwa.*

Chini yake kitufe kimoja. *Sawa.*

Ndugu zangu... hapo nilikaa bila kukaribishwa mara ya pili.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata kwa padri sijalisema.

Asubuhi ya kwanza kabisa, Slavka alifungua mlango wa nyuma, shali kichwani. Mimi niko uani na koleo.

"Orest! Kuna kidirisha kimetokea!"

"Kinasemaje?"

"Kinasema faili hali..."

"Bonyeza sawa!"

"Njoo ukisome, basi."

"Theluji iko magotini, Slavka! Ni walinzi tu hao, wana maneno mengi. Bonyeza sawa!"

"Una uhakika?"

"Nani kasoma shule ya usiku, mimi au wewe?"

Akacheka, moshi wa baridi ukamtoka mdomoni. "Haya, profesa."

Akafunga mlango.

Hakuniuliza tena. Asubuhi thelathini na sita zilizofuata alizungumza, akahifadhi, kidirisha kikamwambia ukweli, naye akabonyeza sawa. Kwa sababu mimi nilimwambia abonyeze.

Efren akasogeza kiti chake karibu na changu. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, kuna kitu kimoja kimebaki. Mlinzi huyu ana daftari lake. Kila anachozuia anakiandika. Siku, saa... na jina la faili."

Akageuza kioo upande wangu.

Mistari thelathini na tisa. Kila mmoja umeandikwa mwisho wake: *Imezuiwa.*

Nilidhani nitakuta jina langu juu kabisa. Miaka hamsini na minne ya ndoa, nani mwingine?

*Larysa wimbo wako wa kulala. Imezuiwa.*

*Larysa mkate wa Pasaka usiharakishe. Imezuiwa.*

*Larysa siku uliyozaliwa. Imezuiwa.*

*Larysa kwa nini nilinyamaza. Imezuiwa.*

Nikashuka na kidole kwenye kioo. Larysa. Larysa. Larysa.

*Larysa juu ya Taras nilikosea mimi. Imezuiwa.*

*Larysa juu ya Taras tena. Imezuiwa.*

Thelathini na sita zote ni za Larysa. Tatu za mwisho, za asubuhi moja, zimepishana dakika chache chache, ni jina tu: *Orest. Orest 2. Orest 3.* Nadhani pumzi ilikuwa inamkatikia, anaanza upya. Mara tatu alijaribu kuniambia kitu, na mara tatu mlinzi wangu akamziba mdomo.

"Nikuchapie?" Efren akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi nikaendesha gari mpaka Brandon, anakoishi Larysa. Saa mbili na nusu barabarani, karatasi iko kwenye kiti ambacho Slavka alikuwa anakaa. Larysa akafungua mlango, akasimama katikati yake.

"Umekuja kunishtaki tena? Umekosea muda. Majirani wako kazini, hakuna wa kukusikiliza."

"Nimekuletea karatasi."

Hakuipokea.

"Nani alifuta, Baba?"

"Hakuna aliyefuta. Ni mlinzi wangu alizuia. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?!"

"Mama aliniambia hospitalini. Alisema, 'Kile kidirisha cha kila asubuhi kilikuwa kinanichosha, lakini baba yako kasema nibonyeze tu.' Nikashuku, Baba, lakini sikutaka kumtia mgonjwa hofu. Tulipomzika, nikaifungua kompyuta. Tupu. Na ndani nikamkuta yule mlinzi uliyeniambia hujamweka. Nikashinda nayo kutwa nzima nikitafuta hata sekunde moja ya mama. Hata kikohozi."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambiaje? Kila asubuhi niliyokaa kwako unanishika mkono jikoni unasema, 'Siku ya arobaini tutamsikia.' Nikasema nitamwambia kesho. Nikasema kesho. Mwisho ikawa siku yenyewe, nikakuomba usiiwashe. Hukutaka kusikia."

"Na pale ukumbini? Ungejitetea!"

"Kwa kusema nini? Niwatangazie watu wote kwamba mama alikuuliza, nawe ukashindwa kwenda kutazama? Kwenye arobaini yake?"

Nikamnyooshea tena ile karatasi.

Akaichukua karatasi. Akaanza kusoma amesimama. Alipofika mstari wa nne, akashika fremu ya mlango.

"Hapa... 'kwa nini nilinyamaza.' Alisemaje?"

"Sijui."

"Na hapa juu ya Taras je?"

"Sijui, Larysa. Hakuna anayejua."

Akasoma mpaka chini. Akarudi juu. Akasoma tena.

"Wiki mbili nilikuwa kando ya kitanda chake," akasema. "Wiki mbili, Baba! Namlisha kwa kijiko. Nangoja aniambie hata nusu ya neno. Ananitazama tu, anatabasamu, ananipapasa mkono. Nikasema huyu mama ana moyo wa jiwe, anakufa na hasira yake. Mbona hakusema?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza nilichokifanya. Mpaka dakika ile nilidhani nimepoteza sauti tu.

"Alidhani ameshakwambia yote kwenye kompyuta," nikajibu.

Larysa alikaa chini kwenye ngazi. Nilinyoosha mkono nimguse bega, akaniambia bila kuinua uso:

"Nenda nyumbani, Baba."

Nikaenda.

Ni wiki ya tatu sasa. Nikipiga, anapokea. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kama nimemeza dawa ya presha. Halafu anakata. Tunaongea kama walivyokuwa wakiongea yeye na mama yake, habari za dawa na supu.

Yule mlinzi wa boksi la kijani Efren alimwondoa, wa kwanza akarudi kazini mwenyewe. Alikuwa anatosha siku zote.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili bure, mimi nimelilipia. Kabla hujaongeza mlinzi juu ya mlinzi, uliza huyo mpya atamfungia nani nje. Kidirisha kikitokea, kisome mpaka neno la mwisho kabla kidole hakijagusa. Na mtu anayekuamini akikuuliza, "Una uhakika?", usimjibu kwa cheti. Acha unachofanya, nenda ukatazame.

Wengi wa waliokuwa ukumbini siku ile mko humu kwenye ukurasa huu wa mtandaoni. Dozia, najua unasoma. Padri pia. Nasikia bado mnasema Larysa alimfuta mama yake, wengine mmemnyima hata salamu dukani alipokuja mjini kuchukua vyombo vyake alivyoacha ukumbini. Yeye hajawajibu, na mimi simwachii tena mzigo huo.

Larysa hakufuta kitu. Alijua ni mimi, akakubali kuitwa mwizi wa sauti ya mama yake ili nisiaibike mbele yenu. Mkikutana naye, msimuulize lolote.

Mwenye la kujibu yuko hapa. Niulizeni mimi.